Malaika wa Stockholm

Mwaka 1967 bendi ya vijana wa Stockholm iitwayo Hep Stars ilitoa santuri ya "Malaika". Ndiyo "Malaika" hii hii tunayoijua, na kwa Kiswahili. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson. Miaka saba baadaye kijana huyo alikuwa Brighton, Uingereza, na kundi lake la ABBA wakinyakua ushindi wa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, na santuri ya 1967 ikafunikwa na yote yaliyofuata. Waulize wapenzi wa wimbo huu ni nani waliourudia, watakutajia Miriam Makeba, kisha Boney M., kisha Angélique Kidjo. Waswidi hawamo.

Mtu akichezewa toleo hilo leo, kwanza hucheka. Kicheko kikiisha huanza ubishi: hawa walituheshimu, au waliokota tu kitu kizuri njiani?

Wanaokerwa wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa, na haihusu lafudhi. "Malaika" ni wimbo wa kijana asiye na kitu. Anampenda binti, binti hajamkataa, kizuizi ni mali tu. Mahari haitajwi kwa jina, lakini kila aliyekulia Afrika Mashariki anajua ni deni gani linalosemwa. Mpelekee wimbo huo msikilizaji wa Uswidi asiyejua neno hata moja la Kiswahili, naye atabaki na tuni tamu na irabu nyingi. Yule kijana mwenye mifuko mitupu anageuka mpenzi wa kawaida anayeugua mapenzi ya kawaida. Kilichopotea hapo ndicho kiini cha wimbo.

Ningekubaliana nao moja kwa moja kama nisingekuwa nimehudhuria harusi. Huku kwetu "Malaika" hupigwa maharusi wakiingia ukumbini. Bwana harusi aliyekwisha kutoa mahari, kamati imechangisha, keki inasubiri kukatwa, anatembea taratibu na mkewe huku wimbo wa mwanamume aliyeshindwa kuoa ukisindikiza hatua zake. Hakuna anayeshtuka. Shangazi wanapiga vigelegele. Ikiwa sisi wenye lugha tunaweza kuusikia hivyo, Mswidi tunamdai nini?

Tena kosa la "kuimba lugha isiyo yako" likifuatwa sawasawa, litawakumba tunaowapenda. Makeba lugha yake ilikuwa Kixhosa. Aliimba "Malaika" na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, na kwa sehemu kubwa ya dunia sauti ile ndiyo iliyokuja kuhesabiwa kama wimbo wenyewe, hata watu wakadhani ni wake. Fadhili William, ambaye rekodi yake ya Nairobi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo iliyoupa wimbo miguu, alikuwa Mtaita. Kiswahili kimezoea kuimbwa na watu waliokikuta njiani.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha, nalo linanifurahisha kuliko yote. Wimbo unasimama juu ya kitenzi kuoa. Katika Kiswahili cha kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kwa hiyo mwanamke anapoimba "ningekuoa", sarufi inakwaruza. Makeba hakuigeuza. Sidhani kama alikosea. Siti binti Saad aliimba mashairi ya watunzi wanaume, na taarabu imejaa wanawake wanaotamka maneno ya mwanamume kwa mpenzi wake bila mtu kuuliza nani ni nani. Hata hivyo mkwaruzo upo, na sikio la mzungumzaji huusikia. Sasa tazama kichekesho: vijana wa Hep Stars, ambao huenda hawakujua hata kitenzi kiko wapi katika mstari, hawana tatizo hilo. Mwanamume anasema angeoa. Kwa kipimo cha mwalimu wa sarufi, toleo lisilojulikana la Stockholm limepita mahali ambapo toleo maarufu kuliko yote linahitaji kutetewa.

Bado sijawaachia huru. Yupo anayetetea kila wimbo uliorudiwa kwa kusema umetutangaza. Hoja hiyo ni nyepesi. Kutangazwa bila jina ni kutangazwa kwa nani? Albamu ya Makeba na Belafonte ilipewa tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa kienyeji, folk kama wanavyouita wao. Fikiria hapo. Wimbo uliorekodiwa na kijana wa mjini, mwenye gitaa, katika jiji lenye studio na biashara ya santuri, ukapokelewa ng'ambo kana kwamba umeota wenyewe chini ya mbuyu. Neno hilo lina madhara, kwa sababu wimbo wa kienyeji hauna mwenyewe. Ukishauita hivyo, anayefuata kuuimba hajioni kama anaazima kwa mtu. Anachota kisimani.

Hapa wengi huleta mfano wa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube", wimbo uliokuja kuenea duniani kama "The Lion Sleeps Tonight", Johannesburg mwaka 1939, akauachia kwa shilingi 10, na familia yake ikapata maafikiano juu ya mirabaha mwaka 2006, miaka 44 baada ya yeye kufariki. Mfano ni mzuri lakini haututoshei. Linda alikuwa mmoja na anajulikana. "Malaika" tumeshindwa kukubaliana wenyewe. Fadhili William alisema ni wake na ndiye anayetajwa zaidi. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga 1945, akiwa Nairobi. Grant Charo, shemeji yake Fadhili, naye yumo kwenye orodha ya wanaodai. Kutoka Mombasa likaja jina la Lucas Tututu. Kila mmoja ana wafuasi wake, na wafuasi hao hawasikilizani. Siwezi kuamua kesi hiyo na sijifanyi naweza. Ninachoona ni kwamba neno folk lilipata mlango ulio wazi nyumbani kwetu kabla halijaingia.

Kwa hiyo nikipima, hasira dhidi ya Hep Stars imeelekezwa pabaya. Wao ni samaki wadogo. Mwaka 1981 Boney M., kundi la disko, waliutoa wimbo huu, na hata hao hawakuuanzisha mgogoro, waliukuta. Ukitaka kugombana na mtu, gombana na mikataba ya studio za Nairobi za wakati ule, zama ambazo mwanamuziki aliweza kulipwa mara moja, akaenda zake, na santuri ikaendelea kuuzwa. Kisha gombana na sisi tuliosubiri wadai wazeeke na kufa ndipo tuanze kuandika historia yao. Fadhili alifariki Nairobi mwaka 2001.

Kama kazi ya sanaa, toleo la Waswidi ni dogo, na nalipenda kwa udogo wake. Halijaribu kuwa la Kiafrika. Ni bendi ya pop iliyovutiwa na tuni ikakubali kujifunza silabi za watu wa mbali badala ya kuandika maneno mapya ya Kiswidi juu yake, njia iliyokuwa rahisi zaidi na ambayo ingelifuta kabisa neno "mali". Neno lile limebaki. Kule ambako halikueleweka, lilitamkwa. Anayejua Kiswahili akiiweka santuri hiyo leo atamsikia yule kijana fukara, ndani ya kinanda cha mtu ambaye baadaye aliandika wimbo uitwao "Money, Money, Money".