Nusu kidonge

Paka Zabibu kafa Jumatano, baina ya magharibi na isha, ukumbini kwa Mamkubwa wangu, Mkomani, hapa Lamu. Hakulishwa sumu ya panya wala hakukanyagwa na punda. Kauawa na nusu kidonge cha panadol, kilichopondwa kwa mgongo wa kijiko kikachanganywa na mchuzi wa samaki, na aliyekiponda ni mtu aliyempenda paka yule kuliko anavyompenda yeyote kati yetu.

Zabibu alikuwa hajala siku mbili. Mamkubwa akamshika masikio, akayaona ya moto. Akapita jirani, maana kila baraza la mji huu lina daktari wake, na daktari wa barazani hajapata kusema hajui. "Ana homa huyo. Mpe panadol. Nusu tu, si mdogo?"

Hebu tuanzie hapo kwenye homa. Joto la mtu mzima wa afya ni nyuzi 37. La paka mzima wa afya ni 38 na ushei, hata kufika 39. Mshike sasa hivi huyo aliyelala mlangoni kwako, mkono utakwambia ana homa, naye hana lolote. Sitashangaa kama Zabibu alikuwa na jino bovu tu.

Nilipofika, ufizi wake umegeuka rangi ya udongo. Uso umemvimba, udenda unamtoka, na kila pumzi anaivuta kwa ubavu mzima. Mamkubwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga begani, anasema neno moja tu: "Nusu, mwanangu. Nimempa nusu."

Nusu hiyo tuipige hesabu. Kidonge kizima ni miligramu 500. Paka wetu wa Lamu, wenye miguu mirefu na mbavu za kuhesabika, ndio hawa wa kilo tatu. Miligramu 250 kwa kilo tatu ni sawa na mtu wa kilo 60 kubugia vidonge kumi kwa mkupuo. Na hapo tumemhesabu paka kana kwamba ni mtu mdogo, jambo ambalo sivyo! Ini letu linajua kuivunja dawa hii na kuitoa. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kazi hiyo, basi dawa inageuka sumu humo humo mwilini, damu inashindwa kubeba hewa, na mnyama anakosa pumzi huku mapafu yake yakiwa mazima. Kuna dawa ya kuizimua, lakini inataka daktari, na inataka saa za mwanzo. Sisi saa za mwanzo tulizimalizia kumpulizia ubani.

Msiniambie nawadharau wazee. Mapenzi ya paka mji huu hayana mfano. Mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula tunamjua kwa hadithi ya Mtume tangu chuo cha Kurani, na Abu Huraira, sahaba wa Mtume, jina lake maana yake ni baba wa kipaka. Lakini tumechukua nusu ya somo: kumlisha na kutomfukuza. Kumjua paka ni nani, hatuna habari.

Mafuta ya taa ya kuulia viroboto, kwa mfano. Paka hujiramba mwili mzima kutwa, kwa hiyo unachompaka mgongoni ndicho unachomnywesha. Maziwa nayo: wengi wao wakishakua tumbo haliyawezi, wanaharisha, kisha tunashangaa nani kachafua ukumbi. Mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu thaumu unamharibia damu. Mpe minofu iliyochemshwa peke yake, bila mifupa. Na maji safi, bakuli lisikauke, hasa kaskazi hii. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, jina lisiwazuge. Jike afungwe kizazi mapema, maana wa miezi minne au mitano aweza kushika mimba, na miezi miwili baadaye ndipo mnapoanza kutafuta katoni la kwenda kuvitupia vitoto sokoni usiku. Mnajijua.

Najua mtakachonijibu. Bibi yangu mwenyewe alifuga paka kwa vichwa vya samaki na mabaki ya wali, na mmoja alizeeka hadi akang'oka meno. Haya, nakubali, shingo upande. Ila bibi alikuwa na jambo moja ambalo sisi hatuna: hakuwa na kabati la dawa. Paka wake akiugua alimwekea maji na gunia pembeni, akamwacha.

Na daktari wa mifugo ni kweli hayupo kila kichochoro. Punda wana zahanati yao hapa tangu 1987. Paka tunampigia picha na watalii. Lakini simu kila mtu anayo mkononi, barazani pale pale panapotolewa hizo dawa. Ipigeni kabla ya kuponda, sio baada.

Mamkubwa alisema hafugi tena. Maneno hayo yalidumu siku nne. Jana alfajiri kanipigia: kuna dume jeupe limeingia uani, linachechemea. Sijawahi hata kumwamkia, akawahi yeye:

"Sijampa kitu. Mai tu."