Kinanda Wakati wa Sadaka: Muziki Unafanya Nini katika Ibada Zetu?

Yeyote aliyewahi kukaa katika ibada ya Jumapili mjini Kampala, hasa katika makanisa ya kilokole, anaijua ile dakika ambapo mhubiri anashusha sauti, mpiga kinanda anarudi kitini bila kuitwa, na noti mbili tatu za chini zinatandikwa chini ya maneno kama mkeka. Watu wanafumba macho, wengine wanalia. Muda si muda vikapu vya sadaka vinapita, au wenye mizigo wanaitwa mbele waombewe, na hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichomgusa ni kipi: neno lililohubiriwa, Roho aliyeombwa, au zile noti. Kwa miaka minne mpiga kinanda huyo nilikuwa mimi, katika kanisa moja linaloabudu kwa Kiswahili, lenye Wakongomani wengi, Wakenya wachache na askari waliojifunzia lugha hii kambini. Nakiri kwamba hata mimi niliyezibonyeza noti hizo sikuwa na jibu.

Mabishano juu ya jambo hili si mapya, na kwa kawaida huendeshwa na watu wasiosikilizana. Wapo wanaosema kwamba muziki ni njia ambayo Mungu mwenyewe ameiweka kuufikia moyo, na kwamba anayeuogopa anaogopa kuguswa. Wapo wanaosema kwamba tumefika mahali pa kuita msisimko upako, na kwamba ukiiondoa mitambo ya sauti katika baadhi ya makanisa yetu hutabaki na kitu cha kukiita ibada. Pande zote mbili zina Maandiko ya kutosha na mifano ya kutosha, na ndiyo maana hakuna upande unaoshindwa.

Upande wa kwanza, hapa Uganda, unaanza na damu. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana, Marko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Sserwanga, waliuawa kwa moto huko Busega kwa amri ya utawala wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na inasimuliwa tangu siku zile kwamba walikufa wakiimba wimbo unaosema kwamba Mungu asifiwe kila siku. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, kwa mujibu wa masimulizi ya wamisionari wenyewe, wimbo huo waliufahamu kwa Kiswahili, kwa sababu mafundisho ya miaka ile ya mwanzo yalitumia sana lugha hii iliyofika Buganda pamoja na misafara ya kutoka pwani. (Nalikumbuka hili kila nisikiapo mtu akisema kwamba Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya mtutu wa bunduki tu.) Vijana wale hawakuwa na kinanda wala kwaya wala mtu wa kuwaimbisha. Walichokuwa nacho ni maneno waliyoyakariri na pumzi iliyobaki, na anayesema kwamba muziki ni pambo la imani anapaswa kueleza kwa nini hilo ndilo lililosalia mikononi mwao pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimenyang'anywa.

Mlolongo huo uliendelea. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, na kuenea Kabale, Namirembe na kwingineko, ulisafiri kwa miguu ya kiitikio kimoja cha Kiganda, Tukutendereza Yesu, yaani tunakusifu Yesu. Walokole wa Kenya na Tanzania wasiojua neno jingine la Kiganda bado wanakiimba, mara nyingi bila chombo chochote, baada ya mtu kutoa ushuhuda au kuungama hadharani. Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum, mtoto wa uamsho huo, alipouawa tarehe 16 Februari 1977, serikali ya Idi Amin haikuutoa mwili wake uzikwe Kampala. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwao. Kaburi lililokwisha kuchimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likabaki tupu, na waumini waliokusanyika kando yake waliimba. Sijui ni hotuba gani ambayo ingeweza kusemwa pale na msemaji akarudi nyumbani salama, lakini wimbo uliweza kusema.

Wapinzani hawakatai lolote kati ya haya. Wanachouliza ni kama nguvu ile ile iliyowashika mashahidi haiwezi kutumika kwa kazi nyingine, nao wana shahidi mzito kuliko wote katika habari za Daudi na Sauli, habari ambayo walimu wetu wa kwaya hupenda kuisoma nusu. Kila mtu anajua kwamba roho mbaya ilipomjia Sauli, Daudi alishika kinubi, na mfalme akaburudika. Hiyo ni sura ya kumi na sita ya Samweli wa Kwanza. Ukiendelea hadi sura ya kumi na nane, utamkuta Daudi yule yule akipiga kinubi kama alivyozoea siku kwa siku, na Sauli yule yule akimtupia mkuki ili ampigilie ukutani. Na katika sura ya kumi na tisa mkuki unatupwa tena. Kilichobadilika katikati ni nini? Ulikuwa wimbo. Wanawake walitoka mijini kwa matari na vigelegele wakiimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, na tangu siku hiyo Sauli akamwonea Daudi wivu. Kwa hiyo ndani ya kurasa chache Biblia inatuonyesha muziki ukituliza, muziki ukichoma, na muziki ukishindwa kabisa, ilhali mpigaji na kinubi ni wale wale. Hakuna fundisho la upako wa vyombo linaloweza kusimama baada ya kuzisoma sura hizo tatu kwa pamoja.

Manabii ni wakali zaidi. Katika Amosi, Mungu anataka aondolewe kelele za nyimbo, na badala yake hukumu iteremke kama maji. Ezekieli anaambiwa kwamba watu wanamsikiliza kama wanavyousikiliza wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ya kupendeza: wanayasikia maneno, ila hawayatendi. Agostino, Mwafrika mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa amelia machozi kwa nyimbo za kanisa la Milano kabla ya kuandika kwamba, kila anapoguswa na sauti kuliko kinachoimbwa, anajiona ametenda dhambi na angependa asingemsikia mwimbaji. Napenda kwamba hakuishia hapo. Alipolipima jambo lote, alielekea kukubali kwamba uimbaji ubaki kanisani, kwa kuwa huinua nafsi dhaifu, huku akijua hatari yake mwilini mwake mwenyewe.

Siku hizi mabishano yameongezewa sayansi, nayo haiamui kitu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba watu wanaoimba pamoja mapigo yao ya moyo huelekea kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawalazimisha kuvuta na kutoa pumzi wakati mmoja. Mwenye mashaka husema: kumbe ni pumzi tu. Lakini mwili ni wa nani? Mkristo anayeamini kwamba Neno alifanyika mwili hana sababu ya kushtuka akiambiwa kwamba sifa zake zinapita mapafuni. Ila mwenye shauku naye asikimbilie kufurahi, maana mapigo ya washabiki katika uwanja wa mpira wa Namboole huenda pamoja vivyo hivyo.

Hapa ndipo suala la ngoma linapoingia, na nafikiri tumelisimulia vibaya. Tumezoea kusema kwamba wamisionari waliidharau ngoma kwa sababu waliudharau Uafrika. Kuna ukweli ndani yake, na dharau hiyo iliumiza. Hata hivyo, katika Buganda ya wakati ule mdundo ndio uliowapandishia watu pepo kwenye mahekalu ya lubaale, yaani miungu ya jadi ya Waganda, na miongoni mwa waongofu walioikataa ngoma kanisani walikuwamo waliokwisha kuona kwa macho yao mtu akiachia fahamu zake kwa mdundo. Hawakuwa na dharau. Walikuwa na uzoefu. Ni ajabu kidogo kwamba wajukuu wao, wanaowacheka kwa woga huo, huongeza spidi ya wimbo na sauti ya besi hadi watu waanguke, kisha wanauita ushindi.

Lakini kuifungia ngoma nje nako kulikuwa na gharama yake. Tenzi zilitafsiriwa huku tuni za Ulaya zikiachwa kama zilivyo. Kiganda ni lugha ya toni, na neno likipandishwa pasipopandishwa laweza kugeuka maana au kupoteza maana kabisa. Sisi wa Kiswahili hatuna toni, ila tuna mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila aliyekulia katika tenzi anajua jinsi tuni inavyoukanyaga mkazo huo hadi neno la kila siku likawa geni mdomoni. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi Mkatoliki wa Buganda, alifanya kazi kubwa ya kurudisha muziki ndani ya lugha na ngoma ndani ya ibada, na utungo wake mkuu juu ya Mashahidi wa Uganda ulihusishwa na siku ile Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Wakatoliki miongoni mwao kuwa watakatifu huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964, mwaka mmoja hivi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Leo adungu, yaani vinubi vya West Nile na Acholi, zinapigwa mbele ya altare na hakuna anayeuliza, jambo ambalo naliona kuwa faida isiyo na hasara ya kutajwa.

Kwa maoni yangu, basi, chombo si tatizo, wala wingi wa hisia si tatizo. Kinachonisumbua ni kitu kingine: anayeimba ni nani. Pale Busega waliimba wanaokufa. Pale Namirembe waliimba waliofiwa. Katika mikutano ya walokole wa zamani aliimba aliyeungama pamoja na walioupokea ungamo wake. Hisia zilikuwa nyingi sana, ila zilikuwa mali ya wenyewe, zikitoka kwao. Katika ibada nyingi za sasa, jukwaa lenye vipaza sauti sita huimba kwa nguvu kiasi kwamba muumini hasikii sauti yake mwenyewe, wala ya jirani yake. Yeye hutikiswa tu. Nilipokuwa mpiga kinanda nilikuwa na ishara niliyofundishwa: mhubiri akiinua mkono wa kushoto, nipande nusu sauti. Nilipanda, na vilio vilipanda nami. Sikuwahi kuambiwa kwamba huo ni udanganyifu, na aliyenifundisha hakuukusudia uwe hivyo. Alikuwa mtu wa sala. Lakini watu hawakuwa na habari kwamba mkono ule ulikuwa ishara.

Hoja yangu hii ina udhaifu, na ni mzee mmoja wa kanisa letu, mzaliwa wa Bukavu, aliyenionyesha. Aliniambia: «Mwanangu, uimbaji wetu sikuzote una mtangulizi. Mmoja anatoa, wengine wanaitika. Unataka tuimbe wote kama Wazungu?» Kisha akaongeza lililo zito zaidi, kwamba kuna siku mtu hana sauti. Aliyefika kwenye makambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka akiwa amezika watoto njiani hawezi kudaiwa aimbe. Anahitaji kuimbiwa mpaka siku atakapoweza. Wakimbizi wa Kongo hawakuja na vitabu vya nyimbo, walikuja na nyimbo kichwani, na kwaya zao za Kiswahili zimewabeba wengi ambao hakuna mshauri wala mhubiri angewafikia. Nilikubali. Bado naona tofauti kati ya mtangulizi anayenyamaza ili wengine waitike na jukwaa lisilonyamaza kamwe, ila siwezi tena kusema kwamba anayeimbiwa ametendewa vibaya.

Kwa hiyo nilipendekeza jambo dogo tu kanisani kwetu, kwamba sadaka ikusanywe bila muziki wowote. Walikataa, kwa sababu zenye busara kiasi: kimya kinawatia watu wasiwasi, na watoto hulia. Kilichotimiza pendekezo langu ni umeme. Jumapili moja ulikatika kiitikio kikiwa katikati, jenereta nayo haikuwa na mafuta, na kwa nukta kadhaa hapakusikika kitu isipokuwa mvua juu ya mabati. Mama mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye hajawahi kupanda jukwaani, alianza utenzi wa zamani kwa sauti ya chini mno, akauinua taratibu, na wengine wakamfuata, kila mtu akitafuta sauti yake, besi za wazee zikija kwa kuchelewa. Sadaka ilipita katikati ya wimbo huo. Walifika ubeti wa tatu umeme uliporudi, na mimi, kwa mazoea, niliweka mikono kwenye kinanda niwafuate. Hawakuwa katika ufunguo ninaoujua. Walikuwa katikati ya noti mbili, mahali ambapo kinanda changu hakina kibonyezo, nami nikakizima.