Ndoa Inayopimwa kwa Mshahara
Kinachonikera zaidi katika sera ya uhamiaji ya Uingereza ni kwamba mkazi anayetaka kuishi na mwenzi wake wa ndoa kutoka nje kwa kawaida lazima kwanza athibitishe kipato, nacho kiwango hicho, kilichokuwa pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, kilipandishwa kwa mkupuo mmoja hadi pauni 29,000 mnamo Aprili 2024. Mpishi wa shule na mtunzaji wa wazee wanafanya kazi halali na kulipa kodi, lakini huenda wakaambiwa kwamba mapato yao hayatoshi kumleta mume au mke. Mtoto anabaki kumjua baba yake kupitia kioo cha simu, na uchungu huo hauna nafasi yake kwenye fomu.

Waombaji hifadhi nao, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi maombi yao yakiwa bado hayajaamuliwa. Wanaweza kuomba ruhusa baada tu ya kusubiri miezi 12, na hata wakiipata wanabanwa ndani ya orodha maalumu ya kazi. Kisha watu haohao wanalaumiwa kwamba wanaishi kwa gharama ya umma, ilhali ni serikali yenyewe iliyowafunga mikono.