Brayozoa wana nafuu, furu wetu je?

Nimesoma makala ya kuainisha brayozoa wa baharini (wanyama wadogo mno waishio kwa makundi) kwa vielelezo vya makumbusho, inayosema vielelezo vya zamani "vinatosha", na imenifurahisha. Kumbe kipande kilichokauka kwenye droo tangu enzi za mababu bado kinapewa spishi leo, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kijumba cha chokaa cha kila mnyama: tundu lake, miiba, vishimo vidogo vya ukutani, vyote chini ya darubini ya elektroni. Chokaa haiozi. Hapo wana bahati.

Sisi wa Mwanza tunao furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walivua sana Ghuba ya Mwanza, kabla sangara hajawafagia wengi miaka ya 1980, na vielelezo vingi vikaenda hukohuko Uholanzi. Spishi moja ya furu ilipewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake likiwa hai lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, ilhali ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa kijivu-buluu. Watie wote wawili kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, uone: rangi kwisha, unabaki kuhesabu meno na magamba. Na fomalini hiyohiyo inaharibu DNA.

Kwa hiyo mwandishi akisema vielelezo vya zamani "vinatosha", inategemea mnyama, bwana. Wanaokusanya sasa wapige picha samaki angali anarukaruka, na kipande cha pezi kiwekwe kwenye spiriti. Halafu seti moja ibaki Nyegezi, hapahapa Mwanza, jamani. Mwanafunzi wa hapa aombe viza akamwone furu wa kwao?