Ndizi ya ukutani inaelezeka kwa simu

Mi kipimo changu cha sanaa ya wazo (ile ambayo wazo ndo kazi yenyewe) ni simu. Nampigia mtu yuko zake kisiwani Ukerewe namweleza kazi, akiipata yote bila kupungukiwa kitu basi ukuta haukuhitajika. Chukua ile ndizi ya msanii Mwitaliano Maurizio Cattelan, 2019 kaibandika ukutani kule Miami na tepu, 2024 ikapigwa mnada New York kwa dola milioni 6.2 af aliyeinunua akaila (ndizi yenyewe unajitafutia, unachouziwa ni cheti na maelekezo). Umecheka, umeipata, nauli hujatoa.

Sisemi ni upuuzi. Msanii Mfaransa Marcel Duchamp mwaka 1917 alipeleka choo cha wanaume cha kukojolea kwenye maonyesho yaliyojitapa kupokea kila aliyelipa ada, wakakikataa, yaani aliwabana vizuri kabisa na pale uzuri ungeharibu hoja.

Wanaonichosha ni wale wanaosema uzuri ni wa kuuzia watalii, wazo ndo sanaa yenyewe, halafu wanamleta msanii Mmarekani Sol LeWitt eti 1967 aliandika utekelezaji ni jambo la kukamilisha tu. Sawa aliandika, ila michoro yake ya ukutani yeye alikuwa anatoa maelekezo wanachora wengine, na ukiiona mistari ile ya penseli imejaa ukuta mzima unasahau kabisa kama kulikuwa na karatasi. Hapa Kirumba Mwaloni, Mwanza, mbona tunaijua hiyo kazi, mwenye mtumbwi anapiga simu kutoka kisiwani, nataka bluu na njano, andika Mungu Hapokei Rushwa, kakata simu. Fundi rangi ndo anajua herufi zinene wapi ubao unapojikunja kuelekea omo (mbele ya mtumbwi), na mtumbwi wa jirani wenye maneno yaleyale unaupita tu hata hugeuki. Wazo lilikuwa moja.

El Anatsui, msanii wa Ghana, ndo kanimaliza, vifuniko vya chupa za pombe kwa maelfu vimefungwa na waya wa shaba vinaning'inia kama kitambaa cha kifalme, na ndani yake kuna habari nzima ya pombe iliyoletwa na meli za wazungu kubadilishana na watu waliouzwa utumwani. Hiyo kwa simu nimejaribu, mtu ananiuliza kwa hiyo ni pazia?

Kinachonisumbua ni kazi ya msanii Mmarekani Joseph Kosuth, 1965, kiti, picha ya kiti hicho na maana yake kutoka kwenye kamusi. Kinaelezeka chote, hakina uzuri wowote, na bado nakifikiria nikiwa kwenye daladala.