Pweza Yupo kwenye Menyu

Jumapili moja tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, mimi, wifi yangu na watoto, tukaketi kwenye mgahawa wa ufukweni ambao sitautaja. Tulifika saa saba na robo mchana. Menyu ilikuwa kitabu: pizza, biriani, tambi, wali wa Kichina, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, kuku wa kienyeji, na ukurasa mzima wa juisi. Nikaagiza pweza. Wifi akaagiza chipsi kuku.

Dakika ishirini baadaye mhudumu akarudi, kijana mpole, kalamu sikioni. "Dada, samahani, pweza ameisha."

Haya, nipe samaki, changu wa kukaanga. "Ngoja nikaulize." Akaenda kuuliza, akarudi, changu naye hayupo. "Ila kuku yupo, dada. Subiri kidogo tu."

Kuku huyo alitua mezani saa tisa kasoro robo. Mwanangu mdogo alishamaliza nusu ya kopo la vijiti vya meno kwa kuvitafuna. Nilipolifungua paja, damu mfupani.

Sasa sikilizeni. Jioni ileile wifi akaweka status: picha ya bahari, watoto kwenye bembea, na maneno kwamba sehemu ni tulivu, chakula kitamu, lazima arudi. Wala hakudanganya. Chipsi zake zilikuwa za moto, upepo ulikuwa unapepea vizuri, na muziki, tofauti na sehemu nyingi za mjini ambako mnaongea kwa kupigiana kelele, ulikuwa wa chini. Yeye alikwenda kula upepo, akaupata. Mimi nilikwenda kula pweza. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia mgahawa fulani ni mzuri, au ni mbovu, namuuliza kwanza alikwenda kutafuta nini.

Hata hivyo sina ugomvi na pweza kuisha. Aliyekulia pwani anajua pweza anakwenda na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali, watu wanashuka mwambani na vijiti kumchokoa kwenye mapango yake, na sokoni anajaa. Maji yakiwa mafu, yasiyokupwa mbali, anaadimika. Kwa hiyo mgahawa unaoandika pweza kwenye karatasi ya plastiki, Januari hadi Desemba, ama una friji kubwa sana ama unaahidi kisichokuwepo. Muuza supu ya pweza wa barabarani hana shida hiyo. Pweza wake amelala pale mezani unamwona, akimalizika jamaa anakunja meza.

Mama ntilie ninayekula kwake siku za kazi, Kariakoo, naye hana menyu. Ana masufuria manne na hotipoti moja. Ukiinama tu kunawa, kabla hujafika kwenye benchi, ameshakutangazia: "Samaki kaisha, mwanangu, nyama imebaki sahani mbili, maharage yapo." Siku moja alitupakulia mchicha akasema mwenyewe kuwa chumvi imemponyoka, akatuwekea ndimu pembeni. Tukala. Sisemi kwake ni peponi. Nzi wapo, benchi linacheza, jua la saa saba linakupiga kisogoni, na akiamka vibaya anakujibu kama unamdai yeye. Lakini wali wake umepikwa leo na utaisha leo, na sijawahi kungoja kitu ambacho hakipo.

Yule kijana wa Kigamboni nilimwuliza wakati wa bili, kwa sauti ya chini, kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akatazama kaunta kwanza. "Dada, bosi hataki tuseme kimeisha. Anasema mteja akisikia kimeisha anaondoka." Sasa mimi nimeshalipa nauli ya pantoni, nina watoto wenye njaa, niondoke niende wapi? Ungeniambia mapema ningeagiza kuku saa saba na robo, jikoni wangekuwa na muda wa kumwivisha, na wewe usingetumwa huku na huku kama mpira. Ukiwakasirikia hao wahudumu unasahau kwamba wanakula makemeo ya pande mbili: sisi huku tunawanunia, na jikoni wanawafokea.

Ila na mimi nina langu. Nikiwa na lile paja lenye damu mbele yangu, kijana alipita akauliza, "Chakula kiko vizuri, dada?" Nikamjibu, "Kizuri, asante." Kabisa! Nikalifunika paja kwa majani ya saladi. Nilipofika nyumbani ndipo nikampigia dada yangu simu nikamsengenya yule kuku dakika kumi nzima. Tumelelewa hivyo wengi wetu, kwamba chakula cha watu hakitiwi kasoro, ukikaribishwa unakula na unashukuru. Mafunzo mazuri sana ukiwa ugenini kwa shangazi. Lakini shangazi halipishi, na pale nilikuwa nalipa shilingi elfu sitini na kitu. Mpishi wa pale mpaka leo anaamini kuku wake ameiva, kwa sababu meza nzima ilimwambia ni kizuri. Bosi hataki mhudumu aseme kimeisha, na mimi sitaki kusema hakijaiva. Tulikuwa tunafichana.

Wiki iliyopita wifi akaanza tena habari za upepo wa Kigamboni. Nikasema sawa, ila napiga simu kwanza. Akapokea kijana, nadhani ni yuleyule.

"Karibu sana, dada."

"Asante. Pweza yupo?"

"Yupo."

"Yupo jikoni, au yupo kwenye menyu?"

Akacheka, tena kicheko cha kweli, halafu kimya kidogo. "Ngoja nikaulize."