Saa za Seva Haziwekwi kwa Mkono

Wiki iliyopita, binti wa dirisha la malipo katika chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia aliitwa ofisini akatakiwa kujieleza kwa maandishi. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha katoa pesa za mwanachama saa nne na dakika 12, na idhini ya meneja imeingia saa nne na dakika 16. Yaani kalipa kabla ya kuruhusiwa. Nilipofika kuangalia mitambo nilimkuta macho yamevimba kwa kulia.

Hakuwa na kosa. Seva ya idhini ilikuwa mbele ya seva ya malipo kwa dakika tano. Umeme ulikatika, betri ile ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa siku nyingi, mtu akaja akawasha mashine na kuweka saa kwa kutazama ya ukutani.

Bado nina hasira. NTP, utaratibu wa mashine kuuliza saa kwa seva ya muda kupitia mtandao, ipo tangu 1985! David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliibuni na kuilea kwa miongo (alifariki Januari 2024), na ni ya bure. Mashine inaandika muda inapouliza, seva inaandika swali lilipofika na jibu lilipotoka, mashine inaandika jibu lilipoingia. Kwa nyakati hizo nne inakadiria safari imechukua muda gani na saa yake imepishana kiasi gani. Tofauti ikiwa ndogo, hairuki ghafla. Inaongeza au kupunguza mwendo taratibu, muda usije ukarudi nyuma katikati ya muamala. Mkono wa nani unaweza hayo?

Mashine mpya nazo hupotoka. Saa ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, ni karibu sekunde 1.7 kwa siku. Mwezi ukiisha inakaribia dakika nzima.

Na msiniambie mmeshaweka seva moja ya muda. Hiyo ikipotoka, mmepotoka wote. Mbili zikipishana, utaamini ipi? Tatu zinaweza kuikataa moja iliyokosea, na ukiwa na nne, hata moja ikizimika zinabaki tatu. Wekeni nne.

Haya, nakubali kwa shingo upande: tawi ambalo intaneti inakuja na kuondoka haliwezi kutegemea seva nne za nje. Basi seva moja ya ndani iongoze, ikiwezekana yenye kipokezi cha GPS kinachopata saa kutoka kwenye satelaiti, na mashine zote ziifuate.

Jambo jingine: ukiona seva iko nyuma kwa saa tatu kamili, usiisogeze. Hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, na yetu iko mbele yake kwa saa tatu. Rekebisha ukanda wa saa.

Binti amerudi dirishani Jumatatu. Barua ya kumtaka ajieleze bado imo kwenye faili lake. Nimeshamwandikia meneja mara mbili iondolewe, na kesho naandika ya tatu.